Dirisha Mdomoni mwa Mshairi

Mshairi alikuwa na mdomo mpana kama meza ya kupigia pasi, na nyuma ya mdomo huo alilala mgonjwa wa kifua. Jambo hili halikupangwa na mtu, na kwa kuwa halikupangwa na mtu, hakupatikana mtu wa kulipangua.

Baraza la mji lilikuwa limeamua kuwaenzi washairi na waandishi wa mataifa yote ya dunia kwa Tamasha la wiki moja. Vitabu vyao havikuwamo katika maktaba ya mji, kwani maktaba yenyewe ilikuwa imekodishwa kwa muuza magodoro, hivyo ikaamuliwa wachorwe ukutani. Nyumba zote za kupanga zilizouzunguka uwanja wa soko la zamani ziligawiwa waandishi kama bweni linavyogawiwa ndoo. Kinyozi alipewa mtunzi wa riwaya mwenye ndevu hadi kifuani, akajiona ametukanwa hadharani. Muuza mitumba alipewa mwandishi wa tamthilia mwenye koti zuri kuliko yote aliyowahi kuuza, na wateja wakawa wanaulizia lile. Ukuta wa mwisho, uliokuwa mkubwa kuliko wote, ulipewa mshairi wa nchi ya mbali yenye theluji, mwanamume aliyefia gerezani kwa kukataa kunyamaza.

Ukuta huo ulichaguliwa kwa sababu haukuwa na dirisha. Ndivyo ilivyosema ramani ya Tamasha. Dirisha lilikuwapo, ila siku wapimaji walipokuja na kamba zao, mke wa Fundi Rangi, mpangaji wa nyumba hiyo, alifanya kama afanyavyo kila mwanamke wa safu ile ya nyumba akiona wanaume wamesimama nyuma ya nyumba wakikodoa macho. Alifunga dirisha, mkwewe asionekane amelala kichwa wazi. Nazo mbao za dirisha hilo Fundi Rangi mwenyewe alikuwa amezipaka rangi iliyobaki ya ukuta, rangi moja, mkono mmoja, kazi safi ambayo mjusi angepita juu yake asijue ametoka kwenye saruji ameingia kwenye mbao. Wapimaji walipima adabu ya mama na ustadi wa baba, wakaandika: ukuta mtupu.

Msanii aliyeletwa kuchora uso alilijua kosa hilo baada ya chaki yote kukamilika. Alikuwa juu ya ngazi akinyoosha mstari wa mdomo, mdomo ukafunguka, na bibi kizee akamuuliza kama ameona paka wa jirani.

*

Mratibu wa Tamasha alifika kesho yake asubuhi akiwa na suti ya rangi ya maziwa. Mke wa Fundi alimfutia kiti kwa upande safi wa kanga yake. Mratibu akakitazama kile kiti, akatoa leso mfukoni, akaitandika, ndipo akakaa.

"Nimeambiwa kuna tatizo la mdomo," alisema.

"Hakuna tatizo la mdomo," alisema mke wa Fundi. "Kuna dirisha."

"Ndilo hilo. Dirisha liko mdomoni."

"Dirisha lilitangulia, baba. Mdomo umekuja juzi."

Fundi Rangi alikohoa kikohozi cha mume anayeomba mkewe asiendelee. Alikuwa ameajiriwa kumsaidia Msanii kujaza rangi, na ovaroli lake lilikuwa tayari na madoa ya rangi ya mashavu ya mshairi.

"Mama, sikuja kubishana," alisema Mratibu. "Mshairi huyu amefumba mdomo kwa hasira. Ndiyo maana nzima ya picha. Mkifungua dirisha anakuwa kama mtu anayepiga mwayo. Wageni wanakuja kutoka pembe zote za dunia, na wenzake wa nchi yake wamo. Wamkute mtu wao anapiga mwayo?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo lifungwe mpaka Tamasha liishe. Wiki moja. Wiki si mwaka."

Kutoka chumba cha ndani kikasikika kikohozi kingine, na hiki hakikuwa cha kuomba kitu. Kilianza chini kama gunia linaloburutwa, kikapanda, kikakwama, kikaachia. Mratibu alingoja kiishe kwa uso wa mtu aliyekatizwa hotuba.

"Nani huyo?"

"Mama yangu," alisema Fundi. "Alishona magunia kiwandani tangu usichana wake. Vumbi la katani bado liko naye. Daktari alisema kitu kimoja tu: hewa."

"Si mumhamishie huku?"

Wote wanne waliokuwamo wakakitazama hicho chumba cha huku. Wa nne alikuwa Redio, binti wa Fundi, aliyeitwa hivyo kwa sababu hazimiki, lakini ambaye leo alikuwa ameambiwa azimike. Nguo za watu zilikuwa zimepangwa hadi darini, maana mama yake alikuwa dobi. Pasi mbili za mkaa zilikuwa mezani zikipumua. Hakukuwa na dirisha. Mlango ulifungukia kwenye korido ambamo wapangaji wote walipita, na wengine walipika.

"Tukimlaza hapa," alisema mke wa Fundi, "tutakuwa tunamkausha kama samaki."

Mratibu aliacha kumtazama mwanamke. Alimgeukia mume, akatabasamu. "Kijana, Msanii anakusifu sana."

Fundi Rangi alikuwa na mvi nyingi kuliko Mratibu. Alisema, "Asante, mzee."

"Baada ya Tamasha baraza litapaka rangi shule zote za mji. Zote. Mimi nitaulizwa nani apewe. Nitahitaji mtu anayejua kushirikiana."

Alilitamka neno kushirikiana kama matroni anavyotamka neno maharage, kitu ambacho utakimaliza upende usipende. Mke wa Fundi akamtazama mumewe. Redio akamtazama baba yake. Fundi Rangi akaitazama leso iliyokuwa imebanwa chini ya makalio ya Mratibu, nyeupe, yenye kushonwa maua pembeni.

"Litafungwa, mzee," alisema.

*

Ingetosha kulikomea dirisha kwa ndani. Lakini Msanii alisema upepo utazitikisa mbao na mdomo utachezacheza, na mshairi mwenye mdomo unaochezacheza anaonekana anatafuna. Kwa hiyo Fundi alipanda ngazi na kopo la puti. Kwa upande huo ardhi ilikuwa imeshuka, na dirisha lilikuwa juu ya kichwa cha mtu mzima. Akaanza kuziba mwanya kwa kisu chake kipana, kuanzia kona ya kushoto ya mdomo.

"Unafanya nini huko nje, mwanangu?" mama yake aliuliza kutoka ndani.

"Naziba nafasi, mama. Puti kidogo tu. Siku ikifika itabanduka yenyewe."

Puti ile haikuwa ya kubanduka yenyewe. Ilikuwa ya mafuta, ya kushika vioo, na Fundi alilijua hilo kuliko alivyojua jina la mtaa wake.

"Kwa hiyo nazikwa leo," mama alisema, "au mnanijaribisha tu kama natosha?"

"Mama, usiseme hivyo."

"Nauliza nijue. Kama ni leo, nibadilishe gauni."

Fundi aliendelea kuziba. Mstari wa mwanga uliokuwa ukimwangukia mama yake miguuni ukawa mfupi, ukawa uzi, ukakatika. Puti ilipoanza kukauka alipitisha msasa, akapuliza vumbi, akapitisha tena. Kisha akachovya brashi kwenye rangi nyekundu iliyokolezwa kahawia, akampa mshairi midomo.

Alipoingia ndani kula, mkewe alimwekea chakula, akasimama mbele yake na pasi mkononi. Pasi ilikuwa na moto, na Fundi aliliona hilo.

"Sema," alisema Fundi.

"Sina la kusema, bwana mkubwa."

"Sema tu, mama Redio."

"Ungefunga vibaya ningekusamehe," alisema mkewe. "Ungepiga misumari ovyo ovyo, mkono unatetemeka, ningesema huyu analia moyoni. Umepiga msasa. Umemfungia mama yako hewa, halafu ukailainisha kazi."

"Sijui kufanya kazi mbaya."

"Najua. Ndiyo maana nina hasira."

"Na mimi nina hasira," alisema Fundi, na sauti yake ikapanda mpaka mtu wa chumba cha pili akazima redio yake asikie vizuri. "Mara ya mwisho nimepewa nyumba nzima nipake ni lini? Napewa milango. Napewa geti. Juzi nimeitwa kupaka kaburi, na wenye kaburi wakaniambia niache nafasi ya tangazo la biashara yao. Shule zote za mji, mke wangu. Zote. Nimkatalie yule kwa mdomo upi?"

"Kwa wako," alisema mkewe. "Ule wa ukutani una kazi yake."

*

Chumba cha bibi kikawa kinahitaji taa mchana. Taa ilikula hewa, kwa hiyo waliiwasha kidogo na kuizima, wakimgawia mwanga au pumzi, kimoja kwa zamu. Mke wa Fundi alimpepea kwa kipande cha boksi mpaka mkono ukafa ganzi, kisha Redio akashika zamu.

Redio alikuwa na kikaratasi cha Tamasha chenye shairi la yule mshairi, lililotiwa Kiswahili na mtu aliyefanya kazi yake vizuri. Alimsomea bibi yake akiwa amekilaza karibu na taa.

"Huo mstari hauishi?" aliuliza bibi.

"Ni mrefu, Bibi. Unaendelea mpaka huku chini."

"Huyu alikuwa na mapafu, mke mwenzangu. Soma tena, nimfaidi."

Redio akasoma tena. Mshairi alikuwa anasema kwamba gerezani hakumbuki bendera wala wimbo wa taifa. Anamkumbuka mama yake akimenya viazi, na ganda likitoka refu bila kukatika, na yeye mtoto akishikilia pumzi mpaka kiazi kiishe.

Bibi alitafuta kwanza pumzi ya kusemea. "Huyo ninamwelewa," alisema. "Hao waliomchora wamemsoma?"

"Sidhani, Bibi."

"Ungewasomea."

Redio aliamua kwenda kuwasomea. Alivaa sare ya shule, kwa imani kwamba sare hufungua milango, akaenda kwenye hema kubwa uwanjani. Mlangoni alikuta kijana mwenye beji aliyemwambia bila beji haingii, akamuuliza beji zinatolewa wapi, akaambiwa ndani. Alisimama hapo mpaka Mratibu akatoka akiwa amezungukwa na wageni, wazee na vijana, weusi na weupe na wa katikati, waliochoka kwa safari na kutabasamishwa kwa nguvu.

"Shikamoo, mzee. Mimi ni binti wa nyumba ya mwisho. Bibi yangu hapumui vizuri. Naomba tufungue dirisha wakati hakuna watu. Hata asubuhi tu, kabla wageni hawajaamka."

"Binti," alisema Mratibu kwa sauti ya chini huku meno yakiwa bado kwenye tabasamu, "dirisha hilo limeshakuwa kazi ya sanaa. Mshairi huyu alipigania uhuru wa kusema mpaka akafa. Hatuwezi kumtoboa mdomo kila asubuhi."

"Lakini yeye mwenyewe anasema hapa..."

"Wageni wetu," Mratibu akapaza sauti na kumwekea mkono begani, "huyu ni binti wa mtaa huu. Anapenda sana ushairi."

Mkalimani akafasiri. Wageni wakafurahi. Mwanamke mmoja mzee, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi kama za mwanafunzi, aliinama kutazama kikaratasi mkononi mwa Redio, akaligusa lile shairi kwa kidole kimoja. Alikuwa mshairi naye, wa nchi ile ile ya theluji. Alitaka kusema kitu, lakini kundi likasukumwa mbele kuelekea chai. Mratibu akampa Redio bendera ndogo ya karatasi, akamwambia kesho asimame mstari wa mbele aipunge.

Redio alirudi nyumbani na bendera. Bibi aliipokea, akaitazama pande zote mbili, akaanza kujipepea nayo.

*

Siku ya ufunguzi wapangaji wa safu ile walipewa amri ya ziada, kwamba pasipikwe nje. Moshi ungeharibu picha. Hakuna aliyewaambia wasile, kwa hiyo kila mtu akaingiza jiko lake koridoni. Kufikia alasiri, wakati brasbendi inapiga uwanjani na waandishi wa mataifa wamekaa kwenye viti vilivyovishwa vitambaa, korido ilikuwa imejaa moshi mpaka watu wakawa wanasalimiana kwa sauti, wasionane nyuso.

Moshi ulipita chini ya mlango, ukavuka chumba cha pasi, ukaingia kwa bibi. Hapo ukakaa, maana haukuwa na pa kwenda.

Uwanjani Meya alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa mwisho. Ngazi ya Fundi ilikuwa pembeni, na Fundi kando yake akiwa na ovaroli lililofuliwa, kwa kuwa Mratibu alisema wafanyakazi nao waonekane. Redio alikuwa mstari wa mbele na bendera nyingine. Meya alisoma hotuba ambayo ni wazi alikuwa anakutana nayo kwa mara ya kwanza.

"Walimfungia katika chumba kisicho na hewa," alisoma Meya.

Mdomo wa mshairi ukagonga. Ngo, ngo, ngo.

Meya akasita, akatafuta mstari wake. "Katika chumba kisicho na hewa wala mwanga, lakini hawakuweza kuifunga..."

Ngo, ngo. Kisha sauti ya mwanamke, imezibwa, kama mtu anayepiga kelele ndani ya mtungi. "Baba Redio. Baba Redio. Hapumui."

Watu wa mbele walisikia, wakageukiana. Mratibu alimwashiria mpiga ngoma wa brasbendi apige. Mpiga ngoma akapiga. Ndani, mke wa Fundi alikuwa amepanda kitandani, mguu huku na mguu huku juu ya mkwewe, akizipiga mbao kwa mgongo wa pasi. Mbao zilikuwa zinatikisika lakini hazitoki, kwa sababu zilizibwa na mtu asiyejua kufanya kazi mbaya.

Fundi Rangi hakukimbia. Baadaye mkewe alimlaumu hata kwa hilo, kwamba alitembea. Alikwenda kwenye ngazi, akaiegemeza kwenye kidevu cha mshairi, akapanda. Mratibu akamfuata mpaka chini ya ngazi.

"Kijana," alisema. "Kijana, shuka. Fikiria shule."

Fundi alitoa patasi mfukoni, akaichomeka kwenye kona ya mdomo aliyoilainisha mwenyewe, akapiga kwa kiganja. Puti ikaruka vipande. Alipiga chini, akapiga juu, akapasua mstari wa katikati kuanzia mwanzo hadi mwisho, na rangi ya midomo ikamwagika magamba mekundu juu ya suti ya maziwa. Kisha akavuta.

Mshairi akafungua mdomo. Moshi ukatoka kwanza, mwingi, wa kijivu. Halafu kikatoka kichwa cha bibi kizee, kichwa wazi, midomo ya buluu, macho yametoka, mikono miwili ya mkwewe ikimshikilia kwapani kutoka nyuma. Bibi aliuma hewa kama mtu anayeuma mkate. Akakohoa. Uwanja mzima ukanyamaza, hata ngoma.

"Nipeni maji," alisema bibi.

Mkalimani, ambaye kazi ni kazi, akafasiri kwenye kipaza sauti. Nipeni maji, kwa lugha ya kwanza. Nipeni maji, kwa lugha ya pili.

Makofi yakaanza upande wa kushoto. Yakaenea. Waandishi wa mataifa wakasimama kwenye viti vyao, mmoja mmoja, kisha wote. Mtunzi mmoja wa riwaya alikuwa anafuta machozi. Mwingine aliandika yale maneno mawili kwenye kiganja chake. Meya, alipoona wageni wamesimama, akapiga makofi naye, akitikisa kichwa kama mtu aliyejua tangu mwanzo.

"Maji," alisema bibi tena, na makofi yakazidi.

Redio alitupa bendera. Alipiga kelele kwamba si mchezo, kwamba huyo ni bibi yake, kwamba ni mgonjwa, na watu waliokuwa karibu naye wakamsogezea nafasi ili aigize vizuri. Askari akamrudisha mstarini kwa upole.

Yule mshairi mwanamke mwenye nywele nyeupe peke yake hakupiga makofi. Alikuwa ameukodolea macho ule mdomo. Alichukua chupa ya maji iliyokuwa mbele ya kiti cha Meya, akaenda mpaka kwenye ngazi, akampita Mratibu bila kumtazama, akapanda. Fundi alijibanza pembeni kumpisha. Mwanamke huyo alimshika bibi kisogo kwa mkono mmoja, akamnywesha kidogo kidogo, kama mtu aliyewahi kumnywesha mgonjwa. Alisema kitu kwa lugha yake, polepole, na mkalimani alikuwa mbali.

"Na wewe pia, dada," alisema bibi.

*

Asubuhi iliyofuata Mratibu alikuja na magazeti chini ya kwapa na suti nyingine, ya rangi ya mchanga. Leo hakutandika leso.

"Fundi," alisema, maana ujana wa Fundi ulikuwa umeisha ghafla. "Mama. Mmetutoa kimasomaso. Tazameni."

Picha ilikuwa ukurasa wa mbele. Mshairi, mdomo wazi, na bibi ndani yake. Chini yake ilielezwa kwamba baraza la mji limewashangaza wageni kwa onyesho la kusisimua lililobuniwa na Mratibu. Mke wa Fundi alilisoma lote, akalikunja, akaliweka chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba.

"Sasa sikilizeni," alisema Mratibu. "Leo kuna waziri. Kesho mabalozi. Wote wanataka kuona. Msanii yuko nje tayari, anarudishia midomo rangi. Tutaliziba dirisha kama mwanzo, ila puti iwe laini kidogo. Kila jioni, hotuba ikifika kwenye chumba kisicho na hewa, fundi unapanda na patasi yako, unafungua, bibi anatokeza, anasema yale yale. Nipeni maji. Asiongeze kitu."

"Na akikohoa?" aliuliza mke wa Fundi. Aliuliza kwa utulivu, na waliomjua wangetafuta mlango.

"Kukohoa ni kuzuri. Ila asizidishe."

"Mwambieni anisogelee," bibi alisema kutoka chumba cha ndani. Mratibu akaenda mpaka mlangoni, akasimama hapo. Dirisha lilikuwa wazi, na bibi alikuwa amelazwa kichwa kikiwa chini yake, uso umerudiwa na rangi ya mtu.

"Yaani mnifunge," alisema bibi, "ili mnifungue."

"Kwa muda mfupi tu, mama. Nusu saa."

"Na nikifa humo katikati?"

"Mungu apishe mbali."

"Apishe mbali mpaka Tamasha liishe, au na baada ya hapo?"

Mratibu alicheka, kwa kuwa aliona hakuna njia nyingine ya kutoka mlangoni. Alimrudia Fundi. "Na zile shule, fundi, ni zako. Nimeshazungumza. Naomba tu tusiharibu sasa."

Fundi Rangi aliinuka, akachukua bisibisi kwenye kopo la vifaa, akatoka.

"Hayo ndiyo mambo," alisema Mratibu, akamfuata.

Walizunguka nyumba. Msanii alikuwa ameshamaliza kuzirudishia rangi mbao mbili zilizokuwa zimefunguliwa huku na huku, na midomo ilikuwa inang'aa kwa ubichi. Fundi alipanda ngazi. Alifungua skrubu za bawaba ya juu, akazitia mfukoni. Akafungua za chini. Ubao wa kwanza ukamlalia begani, akateremka nao.

"Shika," alimwambia Mratibu.

Mtu akiambiwa shika hushika. Mratibu akashika, rangi mbichi ikamgusa kifuani. Alikuwa bado anajitazama pale kifuani wakati ubao wa pili ulipomfikia kwapani.

"Fundi, unafanya nini?"

"Mdomo wenu huo. Nendeni nao."

"Mshairi atabaki na shimo usoni."

"Abaki."

"Waziri anakuja leo. Unaelewa unachokifanya? Shule zote, fundi. Sitaweza tena kukutetea."

"Zipake mwenyewe," alisema Fundi. "Rangi unayo tayari."

Msanii aligeuka upande wa pili kuficha uso. Mratibu alitafuta mahali pa kuziweka zile mbao, lakini ardhi ilikuwa tope na mbao zilikuwa mbichi pande zote, kwa hiyo akaondoka nazo. Alivuka uwanja wote akiwa na nusu ya mdomo kwapa hili na nusu kwapa lile. Waandishi wa mataifa walikuwa kwenye hema wakinywa chai. Mmoja wao alimwona, akaanza kupiga makofi, na yule mwanamke mwenye nywele nyeupe akamshika mikono.

Mke wa Fundi alikuwa amesimama dirishani, kichwa cha mkwewe kikiwa kimeegemea nyonga yake. Alitazama wingu lililokuwa likijikusanya nyuma ya paa la kinyozi, akamtazama mumewe pale chini, mikono yake myekundu hadi kwenye viwiko.

"Na mvua ikija, baba Redio?"

"Tutalowa," alisema Fundi Rangi, akaanza kuikunja ngazi.